Nipime Ndege Ikiwa Juu

Mwalimu alikuwa hanyamazi ndege ikipita. Sisi wengine wa huku magharibi mwa Arusha, nyuma ya uwanja mdogo wa ndege unaopeleka watalii mbugani, tumejifunza adabu hiyo bila kufundishwa na mtu. Ukisikia injini inakuja unafunga mdomo, unasubiri, ikishapita unaendelea na neno ulilokuwa umelishikilia. Mchungaji hunyamaza katikati ya baraka. Wazee kwenye kikao cha mahari hunyamaza, na nadhani hiyo ndiyo nafuu pekee anayoipata bwana harusi. Hata wanaogombana hunyamaza, wakatazamana kwa macho makali, kisha wakaendelea na matusi pale pale walipoachia. Mwalimu peke yake alikuwa anaendelea. Midomo inakwenda, kidole kinakwenda, husikii kitu, na ndege ikishapita unamkuta yuko mbali, kwenye habari nyingine kabisa. Ole wako umwombe arudie.

"Mimi nimeongea," angekuambia. "Kama hukusikia, kaiulize ndege."

Tulikuwa majirani, mimi na mama huyu, kati yetu uzio wa mimea ya masale tu, na kabla ya ujirani nilikuwa mwanafunzi wake. Mimi nauza dawa za mifugo, dawa za minyoo, chanjo za kuku, vitu vya namna hiyo, kwa hiyo mambo ya moyo wa binadamu siyajui na wala sijifanyi kuyajua. Lakini habari za moyo wake yeye nazijua, maana nilikuwepo. Moyo ulikuwa unamsumbua, daktari akasema kelele za ndege zinachangia, mwanawe akataka ahame, naye akakataa. Hiyo ndiyo habari yote. Mengine ni namna alivyokataa.

Darasani hakuwa hivyo, na hili ndilo linalowashangaza watu nikiwasimulia. Shule yetu ilikuwa chini kabisa ya njia ya ndege, tukizijua kwa rangi za matumbo yake. Ndege ikija, Mwalimu aliweka chaki mezani, akakunja mikono, akafumba macho. Tulidhani anasali. Wengine tulikuwa tunafumba macho naye, kwa heshima, na mmoja wetu alizoea kusema amina. Miaka mingi baadaye, tukiwa tunachambua mchicha barazani kwake, nilimkumbusha zile sala. Alicheka hadi akashika ubavu. Aliniambia alikuwa anajizuia asitukane mbele ya watoto.

Siku ya kumuaga alipostaafu, alisimama kutoa shukrani, ndege ikaja, sisi tukanyamaza, mgeni rasmi akanyamaza, yeye akaendelea. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mpaka leo hakuna anayejua aliwashukuru nani, na kuna mwalimu mkuu mmoja aliyekaa na kinyongo akidhani jina lake halikutajwa. Nilipomuuliza alisema alikuwa amenyamaza vya kutosha, kazi imekwisha, na nyumbani kwake hapana kengele wala kipindi cha kumkatisha.

Msidhani alizichukia ndege. Alizipenda mno. Ndugu zake wakija kutoka Kikatiti Jumapili, baada ya ibada aliwapeleka kwenye uzio wa uwanja, na gauni lake zuri la kitenge, akawaeleza upepo unatoka wapi na kwa nini ile inaruka ikielekea huku na si kule. Kijana mmoja aliyemfundisha amekuwa rubani. Siku alipokuja kumsalimia, amebeba kreti ya soda, Mwalimu hakumkaribisha hata kiti.

"Unapita juu ya paa langu kila asubuhi," alimwambia. "Shikamoo yako huwa iko wapi?"

Kijana wa watu akacheka, akatoa shikamoo, na ili kusafisha mambo akaomba ruhusa kazini, akampandisha. Mwalimu alirudi hashikiki. Alikuwa ameuona Mlima Meru kutoka juu, lile shimo lake lililobomoka upande mmoja, ameliona paa lake, ameona hata ng'ombe wangu. Alisimulia mpaka tukaanza kumkwepa. Ila kila alipomaliza alisema neno moja ambalo lilinikaa: kwamba akiwa kule juu alitega sikio asikie tunavyosumbuliwa huku chini, na hakusikia chochote. Hakumlaumu rubani. Alisema kuku akila mahindi yako humkalishi kuku kikao, unamtafuta mwenye kuku.

Alikuwa na vituko vyake. Kwa mtu aliyelalamikia kelele, redio yake ilikuwa inasikika mpaka barabara ya lami. Chumvi alikuwa ameiacha kwa amri ya daktari, yaani ameiacha kwa mdomo. Siku moja nilimfuma nyuma ya banda la ng'ombe anakula parachichi, chumvi imemwagwa juu yake nyeupe kabisa. Hakushtuka. Alisema chumvi hiyo ni ya parachichi, si ya kwake. Loshoro nayo, yale mahindi ya kuchanganywa na maziwa ya mgando, aliipenda iliyochachuka mpaka uso unakunjamana, na ukimtembelea ukashindwa kumaliza bakuli alikuambia umelelewa kwa chipsi. Kina mama wa maboma ya jirani walipomwamkia kwa Kimaa, takwenya, aliitikia kwa Kimaa hicho hicho, iko, kwa sauti nzito, halafu akawauliza watoto wao wako darasa gani na kwa nini huyu mdogo leo hayuko shule.

Sasa nije kwenye zahanati. Hapa ndipo penye kosa letu, na sidhani kama lipo kosa la namna hii mahali pengine. Zamani presha ilipimwa kwa nesi kuweka vile vifaa masikioni na kusikiliza mapigo kwenye kiwiko. Ndege ikiwa juu, hasikii kitu. Kwa hiyo ilikuwa lazima asubiri ipite. Baadaye zikaja mashine za kisasa, unafunga mkanda, unabonyeza, namba zinakuja zenyewe, hazihitaji sikio la mtu. Lakini desturi ikabaki ile ile. Ukikaa kwenye kiti, nesi anatega sikio dirishani, na akisikia ngurumo anakushika bega kwa upole: tulia mama, ipite kwanza, isituharibie kipimo. Nasi tulimshukuru kwa kuwa mwangalifu. Hivyo ndivyo mtaa mzima tulivyokuwa tukipimwa, kwenye vile vipande vya utulivu, na sote tukawa tunarudi nyumbani tumeambiwa tuko sawa.

Mwalimu alikuwa haoni usawa wowote. Kifua kilimdunda asubuhi kabla hajatoka kitandani, kichwa kikawa kizito, mara mbili alishika nguzo ya baraza asianguke. Akienda zahanati, sawa. Akirudi nyumbani, kifua. Mimi mwenyewe nilianza kufikiri ni upweke. Nilimwambia atafute hata paka.

Siku hiyo nilimsindikiza. Nesi, binti mpole ambaye naye alipita mikononi mwa Mwalimu, alimfunga mkanda, akasikia ngurumo, akamshika bega. Mwalimu akauondoa ule mkono.

"Mimi naishi wapi?" alimuuliza.

Nesi akasema, si hapo nyuma ya uwanja, Mwalimu.

"Basi nipime ndege ikiwa juu. Huko kwenye kimya unakonipima siishi mimi."

Nesi alijitetea kwamba kipimo hakitakuwa cha kweli, mgonjwa anatakiwa awe ametulia. Mwalimu akamwuliza atatulia lini, akishazikwa? Wakati wanabishana ile ndege ikapita zake. Ikabidi tusubiri nyingine, na unajua vitu hivi vilivyo na roho mbaya: ungekuwa na mtoto mchanga umemlaza zingekuja mfululizo, lakini siku tunapozitaka mbingu ilikuwa kimya kama kuna msiba. Watu wa foleni wakaanza kuguna. Mwalimu akawaambia anayeona amechelewa aende akatembee. Hatimaye ikaja, kubwa kidogo kuliko za kawaida, mabati yakatetemeka, nesi akabonyeza. Namba ilikuja juu mno. Alifuta, akasubiri nyingine, akapima tena. Kisha akaandika barua ya kumpeleka hospitali mjini.

Daktari wa mjini alikuwa kijana mwenye subira, na aliihitaji. Alisema kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu, akamfunga mashine ya kuvaa mchana na usiku, inayojikaza yenyewe kila baada ya muda. Mwalimu aliivaa kama medali. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo kwenye mazoezi ya kwaya, na ilipojikaza alinyoosha mkono juu ili kila mtu aone kazi inafanyika.

Tuliporudi kuchukua majibu, daktari alitueleza taratibu. Presha ya mtu hushuka akilala, ya Mwalimu ilikuwa haishuki inavyopasa, na alfajiri, injini zinapowashwa kupashwa moto, ilikuwa inaruka juu na yeye yuko usingizini hajui lolote. Alisema mwili una ulinzi wake. Ukisikia kishindo unajiandaa kukimbia au kupigana, mishipa inajikaza, moyo unakwenda mbio, hata kama akili imeshasema ni ndege tu, lala. Mtu anaweza kuishi na kelele mpaka asizisikie tena, lakini ndani ule mshtuko unaendelea, mwaka baada ya mwaka, na mishipa inachoka. Hakusema ni ndege peke yake. Alitaja umri, akataja ukoo, akataja chumvi. Mwalimu akamwomba chumvi aiache nje ya mazungumzo.

Mimi nilitoka pale nimenywea. Kila mgeni akiniuliza mnawezaje kuishi hapa, jibu langu ni moja, tumeshazoea, na nalitoa kwa majivuno kabisa. Njiani nilimwambia Mwalimu hivyo.

"Masikio yamezoea," alisema. "Moyo nani aliuuliza?"

Mwanawe mmoja tu wa kike anaishi Usa River, ameolewa huko, ni msimamizi kwenye shamba la maua. Alipopata habari alikuja siku hiyo hiyo. Ni mtu mwenye akili na mapenzi, sitaki nimchore vibaya. Alikuwa amemwandalia mama yake chumba, kina dirisha la kuangalia bustani, na alitaka kiwanja kiuzwe, mambo yaishe. Alizungumza vizuri, kwa heshima, akitumia maneno ya daktari. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo lenyewe lilinitia wasiwasi. Kisha akamwonyesha kaburi la baba yake nyuma ya jiko, lililozungushiwa masale.

"Yule tutahama naye?"

Binti akalia. Mwalimu naye akalia, huku akimwambia aache kulia. Sikujua niangalie wapi, nikaenda kuwapikia chai.

Basi ukaja mkutano wa mtaa. Palikuwa na habari kwamba safari zitaongezwa, ndege zianze mapema zaidi na ziishe usiku zaidi, na waliotumwa na uwanja kuja kutueleza walikuja na maji ya chupa na maneno laini. Mmoja wao, baba mmoja nadhifu, alieleza ajira, alieleza utalii, na mengi aliyosema yalikuwa kweli, maana nusu ya vijana wetu wanakula kwa ndege hizo hizo. Alipoulizwa kuhusu kelele alitabasamu, akasema wananchi wa hapa hawana tatizo, wameshazoea. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilikaribia kutikisa na mimi.

Mwalimu alisimama. Alikuwa amekuja na nesi, na nesi amekuja na mashine. Alisema hana hotuba. Alisema anaomba kitu kimoja tu, kiti kiwekwe pale mbele, na yeyote anayesema amezoea aje akae, apimwe kukiwa kimya, halafu apimwe ndege ikiwa juu. Akamkaribisha mgeni awe wa kwanza. Mgeni akacheka, akasema ana safari nyingine. Mwalimu akasema hana neno, mgeni aende salama, sisi hatuna safari.

Alikaa mwenyewe. Baada yake akaenda fundi wa pikipiki, mwanamume mwenye shingo pana asiyejua dawa wala sindano. Kisha mama muuza ndizi. Kisha mzee wa kanisa. Ndege siku hiyo hazikutuangusha. Kwa baadhi yao namba haikusogea sana na Mwalimu alitangaza hivyo hivyo, bila kuficha, fundi wa pikipiki akapigiwa makofi. Kwa wengine ilipanda, nesi akaisoma kwa sauti ndogo, na watu waliokuwa wanacheka wakaacha kucheka. Mimi nilikaa kwenye foleni mpaka zamu yangu ilipokaribia, nikaondoka, nikasema nimeacha duka wazi. Duka lilikuwa limefungwa na Mwalimu alijua limefungwa.

Wageni waliondoka wakisema wameyachukua maoni na watarudi kwa mkutano wa pili. Zahanati nayo ikabadilika, sasa nesi anapima mara mbili. Mwalimu alifurahi kwa hilo kuliko kwa jambo lolote nililowahi kumwona akilifurahia. Lakini mwili wake haukumngoja. Kabla ya msimu wa mvua kuisha alianguka bafuni. Nilimsikia kwa sababu ndoo iligonga sakafu. Binti alikuja na gari, safari hii hakuomba ruhusa, na Mwalimu hakuwa na nguvu ya kubishana. Nilifunga mlango wa nyumba yake kwa ufunguo, nikajisikia nimepata nafuu, halafu nikaona aibu kwa kujisikia hivyo.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni huko Usa River. Alinipigia simu mwenyewe akasema niende Jumamosi, asubuhi, nisichelewe. Nilidhani amenikumbuka. Nilibeba maziwa ya mgando na maparachichi. Palikuwa pametulia kweli, unasikia maji kwenye mfereji, unasikia jirani anakohoa. Binti alinipokea langini amechangamka. Mama analala, aliniambia, mama anakula, presha imeshuka, wamepunguza hata dawa moja. Alinionyesha chumba. Dirisha lilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa, na Mwalimu amekaa juu yake na kilemba kichwani, viatu miguuni, mfuko wa nguo umefungwa.

Binti aliuona ule mfuko pamoja na mimi. Akakaa kwenye stuli. Aliniambia nimwambie mimi, maana yeye hasikilizwi.

Nikamwambia. Nilimwambia Mwalimu, hapa umepona, kila mtu anaona, uso umejaa, hebu tulia. Alikubali. Hakukataa hata moja. Alisema amepona, kimya cha Usa River ni kitamu, na hajawahi kulala hivi tangu aolewe. Kisha akatuambia kwamba ule mkutano wa pili umepangwa, nesi amempigia kumjulisha.

"Nikikaa hapa mimi ni mtu wa Usa River," alisema. "Mtu wa Usa River ana neno gani la kusema kuhusu kelele za kwetu? Watauliza yule bibi yuko wapi, waambiwe alihama. Basi, imekwisha. Mmoja akihama ni dawa kwao. Wataanza kushauri kila mtu ahame, na mwenye binti Usa River ni mimi peke yangu."

Binti alimwambia aende siku ya mkutano, aseme, arudi. Mwalimu akasema hasemei mahali asipolala.

Nilishindwa kujizuia. "Mwalimu, utakufa."

"Nitakufa, mwanangu. Hata hapa wamezika juzi, nimewasikia wakiimba. Sijaomba mnizuie kufa. Nimekuita unibebee mfuko."

Nilimtazama binti, na yeye alikuwa ananitazama mimi. Nilijua anachoniomba kwa macho, kwamba niuache mfuko pale ulipo, tuwe wawili dhidi ya mmoja, kwa mara moja tu ashindwe. Na nilikuwa upande wake, Mungu anajua. Nilimtaka yule mama awe hai kuliko nilivyotaka ashinde. Mwalimu hakunihimiza. Alikaa na mikono mapajani, amepungua, mishipa ya shingo inaonekana ikidunda, akingoja aone nitafanya nini.

Nikainama, nikaushika mfuko.

Binti aliinuka, akatoka nje ya chumba. Nilidhani ameondoka kwa hasira, na angekuwa na haki. Alirudi na mfuko wa karatasi wenye dawa za mama yake zote. Alipita mbele ya Mwalimu kama hamwoni, akaja kwangu.

"Asubuhi hizi, jioni hizi," aliniambia. "Umsimamie mpaka ameze. Na akifa, nitakuja kwako wewe kwanza, kabla sijaenda kanisani."

Mwalimu akasema eti tunamgawana na bado yuko hai. Nilitua mfuko wa nguo chini, nikazipokea zile dawa kwa mikono miwili.